Jitu la Namba Tisa na Dogo wa Namba Yoyote

Wanangu, kuna upweke mmoja ambao kama hujawahi kucheza beki wa kati mchangani, bado hujauonja. Saa kumi na nusu jioni, Tandika, vumbi limekujaa kooni, mbele yako kasimama namba tisa mwenye mgongo mpana kama mlango wa kontena. Amekupa huo mgongo, anasubiri mpira wa juu. Unamsikia anavyopumua. Unajua mpira unakuja, yeye anajua, kipa wao anajua, mpaka mama muuza mihogo pale pembeni anajua. Na unajua mkigongana, anayeenda chini ni wewe.

Mimi nilikuwa na miaka 19 na kilo 58. Siku hiyo nilianza beki mbili, kazi yangu kupanda na kushuka, kazi ya mapafu. Katikati tulikuwa na kaka zetu wawili, wote vifua, mmoja kazi yake ya usiku ni ubaunsa. Wapinzani wametoka Mbagala na mpango wao ulikuwa mmoja tu: kipa anautupa mrefu, jitu linaupokea kifuani, linaulaza, viungo wao wanakuja mbio wanapiga. Basi. Nusu saa haijaisha, tumeshakula mbili. Kaka zetu walikuwa wanaruka nalo, wanasukumana nalo, wanalivuta jezi. Mmoja keshapewa njano, mwingine mdomo umepasuka. Walileta nguvu kwa mtu ambaye nguvu anazo mpaka za akiba.

Kocha wetu, mzee wa makamo anayeuza vipuri Gerezani, akaniita pembeni. Hakupiga kelele. Alisema, "Dogo, njoo kati. Usiruke naye hata mara moja. We muibie tu."

Nimuibie. Mpira nilioujua mpaka siku ile ulikuwa wa miguu. Wa akili niliuanzia kwenye neno hilo. Kila kipa wao akirudi nyuma kuvuta hatua, mimi nasogea ubavuni mwa lile jitu, naligusa kiunoni kidogo kabla halijachagua mguu wa kurukia, halafu natoka zangu. Mguso wenyewe hauangushi hata mtoto, refa hawezi kupuliza. Lakini mtu wa kilo 90 na ushee akikosa mguu wa kurukia, anapanda nusu. Na mchanga wetu wa Temeke nao unamla: anavyojikusanya ndivyo anavyozama. Mpira unamgonga begani, unapotea, mimi niko hatua mbili mbele naokota. Ukija wa chini, sikai mgongoni kwake kusubiri ageuke. Nakaa pembeni, nachungulia, nachomeka mguu mbele yake kama mtu anayechomoa waleti. Mpaka filimbi ya mwisho hakugusa tena mpira wa maana.

Tulipigwa 2-1, tukatolewa. Sawa. Lakini mechi ilipoisha jitu likanifuata, likanishika bega kwa heshima kabisa, likaniuliza, "We dogo, namba yako hasa ni ngapi?" Nilikosa jibu.

Bongo mchezaji wa namna hiyo tunamwita kiraka. Neno limekaa vibaya, na mimi linaniuma. Likitajwa kijiweni, watu wanaona suruali ya mtu aliyepigika, kitambaa cha rangi nyingine kimebandikwa ili asiaibike. Kwamba kiraka ni wa kuzibia tundu, mwenye namba akirudi wewe unarudi benchi. Sasa muulize fundi yeyote wa cherehani pale sokoni Temeke kiraka kinashonwa wapi. Gotini. Makalioni. Pale nguo inaposuguliwa kuliko kwingine kote. Na fundi anayejua kazi anachagua kitambaa kigumu kuliko suruali yenyewe, maana chepesi hakimalizi wiki.

Mfalme wa viraka kwa kizazi chetu ni Erasto Nyoni, na hapa sibishani na mtu. Beki wa kulia kacheza, wa kushoto kacheza, katikati kacheza, namba sita kacheza. Juni 2007 Taifa Stars ya Marcio Maximo ilikwenda Ouagadougou ikaipiga Burkina Faso 1-0 nyumbani kwao, na mfungaji alikuwa yeye, dogo mdogo kabisa wakati ule. Miaka karibu 12 baadaye, Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa pale Temeke umefurika, tunahitaji kuifunga Uganda ili twende AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Tukawapiga 3-0. La kwanza Simon Msuva, la pili Nyoni kwa penalti, la tatu Aggrey Morris. Hebu hesabu mwenyewe: mabao 2 kati ya 3 ya siku kubwa kuliko zote kwa kizazi chetu yalifungwa na mabeki. Na penalti ya kipindi cha pili, roho za Watanzania wote ziko mkononi, akapewa kiraka. Mtu aliyezoea kubadilishiwa kazi kila wiki, presha anaijua kwa jina.

Kuna kitu watu hawakioni kwa Nyoni. Alipokuwa Simba, alikokwenda mwaka 2017 akitokea Azam, alikuwa anapangwa beki wa kati na anacheza kama kiungo aliyepotea njia kwa makusudi. Straika mwenye mwili alikuwa anamsubiri agombane naye, yeye hayupo. Keshasoma pasi inatoka wapi, keshafika. Kumbe ukishacheza namba sita unajua kiungo akiinua kichwa anatafuta nini. Ukishacheza beki wa pembeni unajua winga akishusha bega krosi inakuja saa ngapi. Beki aliyekulia sehemu moja anamtazama straika. Kiraka anamtazama yule anayempa straika mpira. Pandikizi la mtu lisilopata krosi ni mnara usio na mtandao: refu, linaonekana mpaka Kigamboni, na simu haitoki.

Ndiyo maana mimi naamini jibu la mtu mkubwa halijawahi kuwa mtu mkubwa mwenzake. Najua wengi watanibishia, hasa wazee wa beki kisiki, wanaotaka mabeki wawili wenye shingo nene. Beki kisiki namheshimu, mpira wa kona anauondoa hata usingizini. Ila kisiki kinasimama pale kilipokatwa. Straika mwenye akili akishajua kisiki kiko wapi, anahamia upande wa pili, anamkokota beki dhaifu, kazi imekwisha.

Januari 14, 2023, Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa kibanda umiza Mbagala Rangi Tatu, jero yangu mlangoni, feni moja kwa watu kama 80. Manchester United na Manchester City. Oktoba iliyotangulia City walishinda 6-3 na Erling Haaland akaondoka na mpira wake baada ya kupiga matatu. Kibanda kizima kilikuwa kinasubiri mauaji. Halafu kikosi kinatoka: Luke Shaw, beki wa kushoto, kapangwa katikati na Raphaël Varane. Watu walipiga mayowe, jamaa mmoja nyuma yangu alitaka arudishiwe hela yake. Mimi nikakaa mbele kabisa.

Ile mechi niliitazama kama darasa. Varane alikuwa anakwenda kugusana, mwili kwa mwili, halafu Shaw hagusi mtu. Anazunguka nyuma, anafunga ule mlango ambao Haaland anaupenda, wa kukimbilia mgongoni. Na mpira ukimfikia hautupi hovyo, anatoka nao kwa mguu wa kushoto kama yuko pembeni kwake. City walitangulia kwa Jack Grealish, kisha Bruno Fernandes akasawazisha, Marcus Rashford akamaliza, 2-1. Haaland alitoka kapa. Jamaa wa nyuma yangu hakusema tena habari ya hela.

Turudi nyumbani. Msimu wa 2021/22, Yanga wanachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, kila mtoto kuanzia Buza mpaka Mwananyamala alikuwa anatetema. Fiston Mayele akifunga anatetema, na dogo akipiga bao la chandimu kwenye uchochoro naye anatetema, mpaka mabibi harusi walitetema. Ilikuwa raha, nami nilitetema. Lakini mchezaji bora wa ligi msimu ule hakuwa Mayele. Alikuwa Mkongo mwenzake, Yannick Bangala. Leo beki wa kati, wiki ijayo kiungo mkabaji, na mara nyingine vyote ndani ya dakika 90 zilezile: mpinzani akiongeza straika wa pili mwenye mwili, Bangala anateleza nyuma wanakuwa watatu, akimtoa, Bangala anapanda. Kibao cha kubadilisha mtu wala hakijainuliwa. Na hakuna mtoto kitaani niliyemwona anaigiza Bangala. Hapo ndipo roho inaniuma, maana tunashangilia paa tunasahau nguzo.

Pembeni yake alikuwepo Dickson Job. Huyu nampenda kama ndugu ingawa hanijui. Nahodha wa Serengeti Boys iliyokwenda AFCON ya vijana Gabon 2017, akakulia Mtibwa Sugar, akatua Jangwani, kwa Yanga, mapema 2021. Si mrefu. Ukimwona amesimama na Bakari Mwamnyeto, ambaye jina lake la utani ni Nondo, unaelewa kwa nini mmoja anaitwa Nondo na mwingine haitwi. Lakini Job ameshasimama na mastraika wa Afrika nzima, na ikibidi anasogezwa beki mbili na mechi inaendelea. Angekuwa mtoto kwenye baadhi ya viwanja vyetu leo, wangemtazama urefu tu wakamwambia, "We nenda winga."

Hilo la urefu ni ugonjwa. Nimezunguka Biafra pale Kinondoni, nimezunguka Mwembeyanga, nimekwenda mpaka Chamazi kutazama watoto wanavyopangwa. Mtoto mrefu, beki tano au straika. Mfupi, winga. Mnene, golini. Wanapangwa kama masufuria kabatini, kwa ukubwa. Hakuna anayemuuliza mtoto unaona nini ukiwa uwanjani. Halafu tukifika mashindano makubwa tunashangaa kwa nini mabeki wetu wakikutana na straika wa Afrika Magharibi wanakimbilia kuvuta jezi.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Nilikuwa na bando la usiku, naangalia vitu simuni, nikaona jina limeandikwa mgongoni: Kiwanuka. Nikasema huyu ni wa hapa hapa! Kweli. Mathias Kiwanuka, kazaliwa Indianapolis, damu ya Uganda, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu na kuuawa mwaka 1972 enzi za Idi Amin. Mjukuu alichukuliwa na New York Giants mwaka 2006 kama mtu wa ukutani, wale wa mwisho wa safu wanaokimbilia kumwangusha mpiga pasi. Mwaka uliofuata wakamhamishia mstari wa pili, kazi ikawa kukaba wanaokimbia na wanaodaka. Mwenzake alipoumia mwaka 2008 wakamrudisha ukutani. Baadaye wakamsogeza tena. Nikacheka peke yangu gizani kwa furaha: kumbe kiraka wa Kiganda alikuwa New York!

Kwenye mpira ule kuna mchezaji anaitwa taitiendi. Ndiye jitu lao la namba tisa. Anaanza amesimama na vibonge wa ukutani, unadhani yupo kwa kusukumana tu, ghafla anachomoka anakwenda kudaka pasi. Shida inayowatesa makocha wao ni hiyo hiyo ya Tandika: ukimpa mlinzi mzito amkabe, anaachwa kwa mbio, ukimpa mlinzi mwepesi, anabebwa kama begi la shule. Mkubwa wao wakati ule alikuwa Rob Gronkowski wa New England Patriots, mtu wa karibu mita 2 na kilo kama 120. Msimu wa 2011 alidaka pasi 17 za kufunga, rekodi ya taitiendi.

Giants wakakutana naye kwenye fainali, Super Bowl ya Februari 5, 2012, tena palepale Indianapolis, alikozaliwa Kiwanuka. Hawakutafuta jitu la kupigana na Gronkowski. Msimu ule walikuwa wanapenda kuwaweka mabeki wa mwisho watatu badala ya wawili, na mmoja wao, Antrel Rolle, aliyeanzia maisha kwenye beki ya pembeni, anashuka karibu kukaba mtu yeyote atakayetoka ukutani. Wepesi wa beki wa pembeni, ugumu wa beki wa kati, ndani ya jezi moja. Gronkowski alidaka mara 2 tu. Haki isemwe: aliingia kifundo cha mguu kikiwa kinauma. Lakini mwanzoni mwa robo ya mwisho walimrushia mpira mrefu, na aliyekimbia naye alikuwa Chase Blackburn, mlinzi ambaye miezi michache nyuma hakuwa na timu kabisa. Blackburn akatangulia sehemu ya kusimama, akauchukua yeye. Hakumshinda mwili, alimshinda nafasi. Giants wakachukua ubingwa, 21-17. Niliirudia ile klipu mpaka bando likakata. Nilikuwa namsikia kocha wangu wa Gerezani: muibie tu.

Maisha ya kiraka yana bei yake, siwezi kuwaficha. Kwenye mashindano ya mtaani ya Ndondo Cup unaweza kuwaokoa wenzako mechi nne mfululizo na jina lako lisitangazwe kwenye spika hata mara moja, maana mtangazaji mwenyewe hajui akuweke wapi. Wakala akija kitaani swali la kwanza ni "unacheza namba ngapi?" Ukisema zote, anasikia hakuna. Kuna timu moja, jina nitaliacha, niliichezea namba 5 tofauti ndani ya msimu mmoja, na siku ya kugawa jezi mpya zenye majina mgongoni mimi nikaambiwa ya kwangu itafuata. Haikufuata. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Sudani mpaka Kwa Azizi Ally, sikutaka hata daladala, sikutaka mtu anione uso.

Ndiyo maana nikimtazama Novatus Dismas Miroshi napata nguvu. Katoka Azam, akaenda Israeli, akaenda Ubelgiji, msimu wa 2023/24 kavaa jezi ya Shakhtar Donetsk kwa mkopo, kisha Göztepe ya Uturuki. Kiungo mkabaji, beki wa kushoto, beki wa kati, mpange utakavyo. Dunia ya huko nje imeshaujua mchongo: mtu mmoja anayejua kazi tatu ni mali. Na Shomari Kapombe pia asisahaulike. Agosti 6, 2025, CHAN hapa hapa kwetu, Mauritania wamebana dakika zote, uwanja umeanza kukata tamaa, dakika ya 89 anayetokea kwenye boksi kupiga bao pekee la mechi ni beki wa kulia. Mashabiki walishangaa alifikaje pale. Mimi sikushangaa. Kapombe alianza soka lake la ligi akichezeshwa huku na kule, ramani ya uwanja mzima anayo kichwani.

Siku hizi mwili wangu umeongezeka, magoti yamepungua, na Jumamosi asubuhi nafundisha madogo Mwembeyanga. Hatuna koni, tunapanga chupa za maji. Wiki iliyopita kaja dogo mpya, mwembamba, raba zimemzidi saizi moja, mama yake kamleta kwa bajaji akaniambia, "Kocha, huyu mpira anaupenda mpaka analia." Tukaanza mechi ndogo. Upande wa pili tuna dogo mmoja wa miaka 13 lakini mrefu kuliko mimi, kila mpira wa juu ni wake, wenzake wote wamemzoea mpaka hawarukii tena.

Dogo mpya akanifuata akiwa anafunga kamba. "Kocha, mi namba ngapi?"

Nilikaa kimya kidogo, maana swali lile nalijua. Nikamwonyesha yule mrefu, nikamwambia aende akakae naye. Akamtazama juu, akanitazama mimi. Halafu akaenda, akasimama ubavuni mwake, hatua moja mbele, uso kaelekeza kwa mtoto mwenye mpira.